Tuliupigia Moyo wa Akinyi Makofi

Alhamisi. Joto limetukaba tangu asubuhi, na mawingu yamekaa tu juu ya ziwa, hayataki kunyesha. Nina hasira na mtu mmoja, naye ndiye anayeandika hapa.

Kazi yangu ni kupiga picha za moyo kwa ultrasaundi. Kwa wiki nyingi nimepigana na mashine yetu kuhusu picha ya pande tatu. Ukiitaka iende haraka, inakupa ukungu. Ukitaka picha safi, inaunganisha vipande vya mapigo kadhaa, na mgonjwa lazima abane pumzi. Akinyi hawezi kubana pumzi. Ni msichana wa miaka kumi na tisa na akitoka kitandani hadi mlangoni anahema. Picha zake zote zilitoka zimepishana, kama shati lililoshonwa na fundi mlevi.

Na daktari alikuwa anaisubiri picha hiyo. Vali moja ya moyo wa Akinyi, mlango wa kupitisha damu, imeziba, na upasuaji hawezi kuustahimili. Limebaki puto dogo la kupitishwa kwenye mshipa likaipanue, mradi tu vali iwe bado laini.

Leo nimeweza. Nilipunguza eneo la kutazama, nikaiacha vali peke yake, nikailazimisha mashine ichukue pigo moja tu. Ikatokea. Vali nzima, inafunguka na kujifunga mbele yangu, hadi kingo zake.

Nilipiga kelele kama mtu aliyeona bao. Wenzangu wakaja mbio, tukajaa kwenye kile chumba, mmoja akapiga makofi na sisi wengine tukafuata.

Akinyi alikuwa amelala pale, kifua wazi, akitabasamu nasi.

Mama yake, anayeuza dagaa wa omena ufukweni Dunga, alisimama pale pembeni akamwinulia Mungu mikono. "Nyasaye, erokamano," akasema. "Asante kwa hii moyo ya mtoto wangu. Umeiponya mbele ya madaktari." Aliomba kwa sauti, na huku kwetu mtu akiomba humkatizi. Unainamisha kichwa.

Kufikia hapo nilikuwa nimeshaona. Vali ni nene, ngumu, imejaa chokaa pande zote. Hakuna puto litakaloifungua hiyo. Ndiyo picha safi kuliko zote nilizowahi kupiga.

Mama akamaliza. Nikasema, "Amina."

Mdomo umezoea. Ila nilisema, tena kwa sauti kubwa kuliko wote. Halafu nikawaambia daktari ndiye atakayewapa majibu kesho, kwa sababu sheria ndiyo hiyo, na leo sheria ilinifaa sana.

Jioni mama alirudi na ngege mmoja mkubwa, amemfunga kwenye gazeti. "Daktari, kula na watoto. Nimepigia watu wetu wa Pap Onditi simu, wanakuja Sunday tushukuru Mungu."

Mimi si daktari. Na ningeweza kumwambia pale pale. Niliogopa, nikampokea samaki.

Tumemla. Alikuwa mtamu, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Kesho daktari ataifungua picha yangu na hatasita hata kidogo, maana haina ukungu. Zile mbovu zilikuwa zinampa Akinyi wiki nyingine ya kungoja. Na mama akishaambiwa, hatamtazama daktari. Atanitafuta mimi, niliyepiga makofi.

Niwe nimesimama wapi?