Gauni Jeusi Lililotoka Jeupe

Ikonge, 4 Machi 2024

Lewis, mwana wa kaka yangu,

Habari za huko Kisii mjini? Sisi tu wazima, ila goti langu linauma mvua ikikaribia. Naandika kwa kuwa simu zangu hupokei.

Kosa la watu wengi ni kudhani kwamba kisichoonekana kwa macho ndicho cha kweli zaidi. Wewe umelitumia kosa hilo kutafuta sifa. Siku tulipomzika mume wa Gesare, jirani yangu, ulimpiga mjane picha kando ya majani ya chai shambani, ukaiweka mtandaoni. Majani meupe kama unga, uso mweupe, macho kama mashimo, na gauni lake jeusi la matanga limetoka jeupe! Chini ukaandika, "Kamera huona kilichofichwa."

Sasa soko zima linasema kwa nje Gesare alivaa msiba, kwa ndani alivaa harusi. Basi ndiye aliyemroga mumewe. Kwenye kituo cha kupimia chai, wanawake husogeza vikapu vyao mbali na chake.

Nilifundisha fizikia miaka thelathini na moja, kwa hiyo nivumilie. Kamera yako imebadilishwa ipokee mwanga wa infraredi, ulio nje ya wekundu wa mwisho ambao jicho la binadamu linaweza kuona. Jani lililo hai huurudisha kwa wingi, ndiyo maana hung'aa. Ngozi nayo hung'aa, macho yakabaki meusi. Rangi nyeusi ya vitambaa vingi hainyonyi mwanga huo, hivyo nguo hutoka nyeupe. Hakuna zaidi ya hayo.

Imetosha, Lewis. Waeleze watu.

Shangazi yako,
Bathsheba

Kisii, 9 Machi 2024

Shikamoo Shangazi,

Mimi niko salama, pole na goti. Lakini umeanza darasa tena! Ile ni sanaa. Watu elfu tisa wameipenda, na nikianza kueleza, utamu utaisha. Hao wa Ikonge ni maneno tu, watachoka. Namtuma rafiki yangu Ronny akuletee kamera yenyewe. Pigeni picha, mcheke kidogo.

Mtoto wako,
Lewis

Ikonge, 17 Machi 2024

Lewis,

Natumaini hujambo. Goti limetulia.

Jana watu wa hapa walikuja mchana, wametoka kanisani, Biblia kwapani. Mbele yao jirani yetu Cleophas, kwa mkono mmoja picha yako, imechapishwa kubwa kama kalenda, kwa mwingine mtungi wa mafuta ya taa. Gesare alikuwa jikoni kwangu.

"Mwalimu, songa. Kamera imemwona."

"Basi simama hapo, ikuone na wewe."

"Leo ni Sabato. Sipigwi picha."

"Kumbe mafuta ya taa ndiyo yanaruhusiwa Sabato?"

Wenzake wakacheka, akaona aibu, akasimama. Hata kola aliiweka sawa! Nikampiga kwa kamera yako aliyoileta Ronny, na suti yake nyeusi, nikawaonyesha: suti nyeupe, uso wa maziwa, macho mashimo.

"Hii imeharibika," akasema.

"Ya Gesare ndiyo ilikuwa nzima?"

Wakaondoka mmoja mmoja, mtungi wakauacha langoni. Hakuna aliyesema pole. Hakuna hata aliyemsalimu Gesare. Watu ninaowajua, niliofundisha watoto wao! Nimeosha lango kwa sabuni mara mbili na harufu bado ninayo puani. Na wewe, uliyekuwa mbali ukihesabu wanaokupenda, unanuka vilevile.

Gesare alifunga nguo zake jioni ileile. Yuko kwa binti yake Joyline, nyuma ya soko la Daraja Mbili, hukohuko Kisii mjini. Chai yake inakomaa shambani bila mchumaji. Nilimsihi arudi, akanijibu, "Sitarudi mpaka aliyenipiga picha aje anitazame kwa macho yake mwenyewe."

Kutoka kwako ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Kamera iache hapa kwangu, nenda leo ukamwombe radhi.

Shangazi yako,
Bathsheba