Mashine Inayokula Makala

Jumatatu, 4 Novemba

Nimetoa majivu, nimejaza makala, makaa ya miti, nimepuliza. Mashine imeshika mara moja. Ingenikatalia? Haiwezi. Mimi njo niliileta hapa Kashuga kutoka Walikale, motere mugongoni, katika poto-poto, matope ya pori, na chui mbili nyuma yangu. Mwaka jana nilisema chui moja. Nilikuwa ninapunguza.

Watu wanasema mashine. Mimi ninasema santrali, kiwanda cha umeme. Makala inaungua ndani ya pipa, gesi yake inazungusha motere, umeme unatoka. Leo ni kujaribu tu. Tangu kiangazi turubini ya mutoni njo inatoa umeme. Injenieri, kijana wa juzi, aliniambia: "Papa Shindano, sasa maji iko mbele. Makala ibakie akiba. Kisha tutaitupa." Kuitupa! Turubini ni mwanafunzi wangu.

Jumatano, 6 Novemba

Mvua, mvua. Esta amelazwa kwenye kituo cha afya. Ni mujukuu wa dada yangu Vumilia, hajamaliza miaka mbili, anapenda kuvuta ndevu zangu. Mapafu. Wamemuwekea mashine ya oksijeni. Muganga aliniuliza: umeme ukikatika?

"Makala iko mpaka Krismasi," nikajibu. Riziki, mama ya mutoto, alitabasamu mara ya kwanza tangu jana. Nilifurahi sana. Sikuenda kuangalia depo, ghala ya makala.

Alhamisi, 7 Novemba

Mto umeleta udongo, turubini imezibwa. Injenieri anasema tungoje maji ishuke, labda kesho kutwa. Njo zamu yangu sasa. Nimewasha. Esta anapumua. Watu wananiita Chef Santrali, mukubwa wa umeme. Nimepita sokoni polepole ili wanione vizuri.

Kisha nikaenda depo. Bati linavuja. Mifuko yote ya chini imelowa. Makala yenye maji inakohoza motere mpaka inazima. Ile kavu haitapita kesho. Wachoma makala wako upande wa Burungu, na kule kuna risasi, barabara imefungwa.

Ningesema leo. Lakini nilishasema Krismasi. Nimenyamaza. Naogopa.

Ijumaa, 8 Novemba

Asubuhi, mufuko wa mwisho. Nikawaza: kila nyumba iko na makala ya kupikia, kavu, kando ya moto. Beseni moja kila nyumba, inatosha. Lakini niwaite watu wote namna gani, haraka? Hapa kwetu muntu akikufa, mwanaume wa ukoo anapita na filimbi, na kila nyumba inaleta beseni ya makala kwa moto wa kilio. Hakuna wito mwingine wanaoukimbilia hivyo. Nikachukua filimbi. Nikapita.

Walikuja kweli. Lakini wanawake walikuja wamefunga vitenge kiunoni, wanalia. Hawakuleta kwenye mashine. Waliweka mabeseni mulangoni kwa Vumilia. Yeye alikuwa anapika uji wa kupelekea Riziki. "Pole, Mama Vumilia," mumoja akamuambia, "mutoto ametutoka." Sufuria ikaanguka.

Nikafika mbio. "Dada, angali anapumua! Ni makala ya mashine!"

"Unamupigia filimbi ya kilio mutoto angali anapumua? Wewe, kaka yangu? Kinywa hiki chako!"

Akapindua beseni ya kwanza ndani ya maji ya mvua. Ya pili. Zote. Hakuna aliyemuzuia. Hata mimi.

Nikarudi nyumba kwa nyumba bila filimbi. Nikawaambia ukweli, depo imelowa. Walinifungia. Papa mumoja alisemea nyuma ya mulango: "Chef, hapana. Makala ya kilio chake imeshatoka mara moja. Tukitoa tena, tunamuita mutoto kwa wafu." Hawakuwa wabaya. Walikuwa wanamupenda Esta. Walitaka aishi.

Niliokota makala ile ya poto-poto, nikaipangusa na shati. Motere ilikohoa. Nikapuliza mpaka kichwa kizunguke. Saa sita mchana ikazima. Nikasikia kituo chote kimya. Kisha Riziki akapiga kelele.

Jumamosi, 9 Novemba

Alikufa jana kabla ya jioni.

Jumapili, 10 Novemba

Tumemuzika. Mto umeshuka. Turubini inazunguka tena, taa zinawaka mchana bure. Injenieri alikuja kunipa mukono, hakusema kitu juu ya mashine. Ningependa aseme.

Safari hii binamu yangu njo alipita na filimbi. Kila nyumba imeleta beseni. Makala kavu, nzuri, inalia ukiigonga. Mabeseni yamejaa mulangoni mpaka njiani. Santrali ingekula hiyo siku nyingi.

Mimi njo nimewasha moto wa kilio. Kazi hiyo naijua. Vumilia ameketi ng'ambo ya moto, ananitazama. Shemeji yangu mumoja akaomba nisimulie ile ya chui, watu wasisinzie.

Nikasema hakukuwa na chui. Nikaongeza makala.