Samaki Wako Wanapumua, Fundi

Fundi wangu,

Sikuja kukuaga. Siku mwili wako ulipochomwa kwa desturi yenu nilikuwa hapa Ruiru, nimenyimwa ruhusa ya kusafiri. Unajua siku hizi za Hali ya Hatari Mkikuyu hatoki kwake bila karatasi ya serikali. Wanao walimwaga majivu yako mtoni Chania, kisha wakarudi Kisumu kwenye kazi zao. Sina kaburi la kuja kusimama. Ndiyo maana nakuandikia, kwa Kiswahili chetu kile kibovu ulichonifundishia useremala.

Mkeo, Mama Jaswant, amebaki peke yake. Nilisikia kwamba hasemi na mtu tangu ufe. Ni wale samaki wako wekundu tu anaowalisha asubuhi, akiongea nao Kipunjabi. Halafu juzijuzi akamtuma dereva wa lori la kahawa: "Mwambie Njoroge, samaki wanakufa."

Nikaenda kuomba ruhusa. Karani akauliza safari ya nini. Nikasema, kuokoa samaki. Akacheka mpaka akavua miwani, akapiga muhuri.

Nilipofika kwenu, Fundi, lile sanduku la kioo ulilolitengeneza kwa mikono yako lilikuwa limechafuka kama maji ya kuoshea mchele. Kimashine cha umeme cha kuchuja maji kilikuwa kimeungua, na kingine mpaka kitoke Nairobi. Samaki walikuwa juu kabisa, midomo wazi, wanatafuta hewa. Mmoja alikuwa ameshakufa. Mama ameketi kando yao, mikono mapajani, wala hakuinua macho nilipomsalimu.

Nikachukua chungu chake cha maua, kile chenye tundu chini, nikakisugua. Nikaponda makaa, nikayaosha na kuyaosha tena mpaka maji yakatoka safi. Mchanga na kokoto nilivifuata mtoni Chania. Pale nilikawia kidogo, Fundi. Nikavua kofia tu.

Niliporudi nikamwambia nahitaji kitambaa cheupe, kisichotoa rangi. Akaingia chumbani. Akatoka na shati lako jeupe la melimeli, lile la kwenda hekaluni.

"Hapana, Mama," nikasema. "Si hilo."

"Yeye mwenyewe angekata," akasema.

Akachukua mkasi. Akakata.

Tukatandika kitambaa ndani ya chungu, juu ya lile tundu, juu yake makaa, kisha mchanga, kisha kokoto. Tukalaza mbao mbili juu ya sanduku na chungu katikati. Nikachota maji yale machafu kwa kikombe, nikamimina chunguni. Yakapita polepole, yakadondoka tena ndani, tone kwa tone, yakiingia na hewa. Mkono wangu ulipochoka akanipokea kikombe. Tulipokezana hivyo mchana kutwa.

Alasiri samaki wakaanza kushuka chini. Mmoja, halafu mwingine. Wakawa wanaogelea kama samaki.

Mama akaweka kikombe. Akajifunika uso kwa shela, akalia kwa sauti, Fundi, kilio ambacho sijawahi kusikia. Majirani wakaja mbio kuuliza kuna nini. Akawajibu, "Bwana yangu amekufa," kana kwamba ndiyo kwanza aambiwe. Wanawake wakaingia, wakaketi naye. Nikatoka uani, nami nikalia.

Baadaye akatupikia chai, akala chapati nzima. Ilibidi niondoke kabla ya saa ya kufungiwa ndani kwa amri ya serikali. Mlangoni akaniambia, "Kabati la jikoni limelegea mlango. Njoo Jumapili."

Dereva yule wa lori ameniletea habari: samaki watatu wako hai. Mashine mpya imefika.

Kwa hiyo nitakwenda, Fundi. Nitakaza mlango ule kwa skrubu, si misumari, nisije nikasikia sauti yako ikinigombeza. Wakininyima karatasi nitaomba tena, na tena. Huyu mama hatakaa peke yake maadamu mimi niko Ruiru na mikono yangu inafanya kazi.

Thiĩ na wega, Fundi. Ndivyo sisi tunavyomwambia anayeondoka: nenda salama.

Mwanafunzi wako,
Njoroge