Herufi Niliyoiruka

Nyumba ya mwisho,
Mtaa wa Tangi la Maji.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mpwa wangu, mtoto wa dada yangu,

Pokea kwanza salamu zangu, nyingi kuliko mchanga wa nyuma ya nyumba hii. Natumaini barua itakukuta mzima, kifua kimekuachia na baridi ya huko umeshaizoea. Mimi mjomba wako sijambo. Mgongo unanisumbua kidogo, lakini juzi nimeinua geti la chuma peke yangu, geti ambalo vijana watatu walilizunguka wakaishia kulitazama. Joto la huku usiulize. Jumatano nilisahau vijiti vya kuchomelea juu ya bati, nikavikuta vimeshaungana vyenyewe, ikabidi nimwambie mteja kazi yake imefanywa na jua.

Mkaza mjomba wako naye hajambo. Amerudi wiki iliyopita kutoka kwa binti yetu, aliyejifungua mtoto wa kike mwenye sauti ya honi ya lori. Wote wanakusalimu.

Sasa nije kwenye ulichoniuliza. Barua mbili mfululizo umeniuliza, "Mjomba, Karani hajambo?" na barua zote mbili sikujibu. Mpwa wangu, Karani hayupo. Amekufa tarehe tatu Januari, jioni. Nakuandikia hivi bila kuzunguka kwa sababu kila nilipoanza kwa kuzunguka nilijikuta nimeshamtungia safari, na karatasi nne nimezichana.

Kwanza nifute niliyoyaandika zamani. Ile habari kwamba Karani alimzaba mbweha kofi mpaka mbweha akapotea njia haikuwa kweli. Mbweha alipita mbali kabisa, na Karani alikuwa amelala kwenye kiti cha mama yako, juu ya magazeti, kama kawaida ya paka yule. Yule nyoka mrefu kama benchi alikuwa mjusi, tena Karani alimkuta ameshakufa. Nilitia chumvi kwa sababu nilijua unacheka ukisoma, na tangu mama yako azikwe sikuwa na kingine cha kukuchekesha.

Haya ya chini hayana chumvi.

Unajua nyumba yetu ilivyokaa. Nyuma ya ukuta hakuna jirani tena, ni mawe na mchanga mpaka macho yachoke. Mwaka huu mvua imetupita, na wanyama wamesogea. Mbweha wanakuja kulamba maji yanayovuja kwenye tangi. Yule bundi mkubwa mwenye masikio kama pembe anakaa juu ya nguzo ya umeme jua likianza kuzama, anatazama nyua za watu moja moja kama mkaguzi.

Miaka yote mkaza mjomba wako ndiye aliyekuwa akishughulika na paka. Jua likishuka alipiga sufuria kwa kijiko, Karani na Kibiriti wakaingia jikoni, akafunga mlango. Mimi sikuwahi kuliangalia hilo. Nilikuwa karakana, napiga chuma na kupiga soga.

Alipokwenda kwa binti yetu mwezi wa Desemba, ukanitumia ile karatasi yako ya maelekezo. Niliibandika kwenye mlango wa jikoni kwa fahari, kila mgeni aone kwamba mpwa wangu ananiandikia. Mstari wa tatu umeandika, "Wafungie kila jioni kabla jua halijazama. Usisahau hata siku moja."

Mimi nilisoma, "Wafunge."

Basi nikawafunga. Nilichukua kamba laini, nikawafunga kwenye nguzo ya kuanikia nguo uani, kila mmoja na tambara lake la kulalia na bakuli lake la maji, na kisahani cha vichwa vya samaki katikati. Nilitumia lile fundo langu la kufungia mitungi ya gesi kwenye lori. Kibiriti alilia siku ya kwanza, nikamwambia, "Lalamika kwa mwenye barua." Karani hakulia. Alikaa akanitazama, kisha akakunja mikono kifuani. Unajua alivyokuwa mtiifu, alilelewa na mama yako.

Wiki mbili zilipita salama, nami nikajivuna mtaa mzima. Nikasema fundo hili hata ngamia halifungui.

Ile tarehe tatu nilichelewa karakana. Nilichelewa kwa sababu nilikuwa nawasimulia mafundi wenzangu jinsi Karani alivyomzaba mbweha kofi. Ndiyo, ile ile. Nilisimama, nikainua mkono kuonyesha kofi lenyewe, watu wakacheka, nikairudia.

Nilipofika nyumbani jua lilikuwa limeshagusa mchanga. Geti letu lina pengo chini, pana kama kiganja na nusu. Mimi ninayezibia watu mageti yao, la kwangu nasema kesho kila siku. Nyayo za mbweha zilipita hapo. Kibiriti na shingo yake nyembamba alikuwa amechomoka, yuko juu ya paa, mkia umevimba. Karani alikuwa pale pale nguzoni. Angeweza kupanda ule ukuta kwa mruko mmoja, nimemwona akiupanda mara mia. Kamba ilimpa hatua tatu tu.

Fundo lilikuwa zima.

Nilimzika chini ya dirisha la chumba cha mama yako, kina cha mkono mzima, nikalaza bamba la chuma juu ili asifukuliwe.

Asubuhi yake fundi cherehani, yule jirani yetu mwenye miwani ya kamba, alikuja kunipa pole. Akaona kamba.

"Fundi, paka ulimfunga kamba? Kwa nini?"

"Si nimeandikiwa? Karatasi hiyo hapo mlangoni, soma mwenyewe."

Akasoma. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Hapa pameandikwa wafungie."

"Ndiyo hivyo hivyo. Wafunge."

"Wa-fu-ngi-e, fundi. Wafungie mlango. Walale ndani."

Nilimwambia anaona vibaya, mwandiko wako una mikia mingi. Akanishika kidole, akakiweka juu ya ile herufi. Ilikuwepo, mpwa wangu, na kichwa chake juu. Mwandiko wako hauna kosa lolote.

Sasa nikuambie jambo ambalo mama yako alikufa nalo. Mimi siku zote nasema niliacha shule darasa la nne kwa sababu mwalimu aliishiwa na vya kunifundisha. Mwalimu hakuishiwa. Herufi zilikuwa zinanikimbia. Mama yako ndiye aliyenisomea karatasi zangu zote, za kazi na za serikali, na hakumwambia mtu. Barua zako za mwanzo pia alinisomea yeye, na Karani kalala juu ya bahasha. Alipoondoka nikaanza kukisia. Naona mwanzo wa neno, mwisho wake nauweka mwenyewe. Nimekisia mengi na hakuna aliyejua. Hili moja ndilo lililompata asiye na kosa.

Wala usiseme moyoni, ningeandika "ndani" yasingetokea. Usijibebeshe hilo. Nilikuwa na jirani hatua kumi na tano kutoka mlangoni kwangu, na sikumuuliza.

Daktari wa mifugo alikuja kumdunga Kibiriti sindano ya kichaa cha mbwa, maana mbweha wanakuwa nacho. Alikagua ua, akakiona kile kisahani cha samaki. Akaniuliza, "Mzee, hii karamu ulimwandalia nani?" Akanieleza mbweha hufuata harufu ya chakula kwanza, hata maji ya kwenye bakuli yanamwita. Majirani walitaka tutege sumu. Nilikataa. Sumu angeila Kibiriti mapema, halafu yule bundi angemla panya aliyeila. Na mbweha mwenyewe ana kiu na njaa, hakunifanyia hila. Kamba haikuwa yake.

Nimejenga banda limeshikana na dirisha la jikoni. Nikuambie ukweli, hakuna banda kama hilo upande huu wa jangwa, watu wanakuja kulitazama kama mnara. Wavu wa chini nimeuzika futi moja na nusu, maana mbweha huchimba. Juu nimeweka paa la wavu kwa ajili ya bundi. Chakula na maji viko ndani tu. Vichaka karibu na ukuta nimevikata, nyoka wasipate pa kujificha. Pengo la geti nimeliziba siku ile ile ya maziko, nikiwa bado na mchanga mikononi.

Na kwenye mlango wa banda nimechomelea herufi moja ya chuma, ile niliyoiruka. Kijiti kimoja kimesimama, na juu yake gololi ya baiskeli. Wateja wanauliza ni alama ya nini. Nawaambia ni jina la mtu. Kila jioni napiga sufuria kwa kijiko, Kibiriti anaingia, nafunga mlango, naigusa.

Mkaza mjomba wako aliporudi hakunigombeza. Alikiosha kisahani cha Karani, akakifuta, akakiweka kabatini pamoja na vyombo vya wageni. Afadhali angenigombeza.

Fundi cherehani ananifundisha kila Jumapili, naye kwa kuchapa vidole hana huruma. Barua za zamani nilimsemea mkaza mjomba wako akaandika, nikisingizia vidole vilivyoungua kwa chuma; hii nimeiandika mwenyewe, siku nne. Yeye ameisahihisha, lakini maneno ni yangu.

Wasalimie wote unaoishi nao huko. Huku wanakusalimu mkaza mjomba wako, binti yetu na kichanga chake chenye honi, jirani yetu Babu Redio ambaye siku hizi hasikii redio yenyewe, na fundi cherehani. Kibiriti naye yuko dirishani, anatazama jangwa kupitia wavu. Mungu akulinde uendako na urudiko, na akupe watu wa kukusomea mambo vizuri kuliko nilivyosoma mimi.

Nina ombi moja. Kibiriti ni wako, kama Karani alivyokuwa wa mama yako. Ukiona sifai kukaa naye, fundi cherehani yuko tayari kumchukua, na mimi nitambeba mwenyewe kwenye kikapu bila neno. Usijisumbue kuandika barua ndefu. Niandikie neno moja tu, abaki au ahame, kwa herufi kubwa zilizoachana, kama mama yako alivyokuwa akiniandikia.

Nitalisoma mpaka mwisho wake.

Wako akupendaye, asomaye polepole,

Mjomba.