Kiwango cha Mteremko

4 Februari

Mwanangu mpenzi,

Hujambo? Kazi inaendeleaje, na kile kikohozi kimekuachia? Sisi huku tunashukuru. Baba yako yuko vilevile tangu kile kiharusi: upande wa kulia bado umelala, ulimi mzito, lakini anakula vizuri na kununa hajaacha.

Sasa usicheke. Nimeanza kucheza ule mchezo wenu mnaoutengeneza huko kazini. Fundi kompyuta wa mtaani aliniwekea kwenye mashine uliyoiacha chumbani kwako. Nimechagua Mteremko, kile kiwango chepesi kuliko vyote, na bado ramani ya pili ilinitoa jasho siku nne. Shujaa wangu, yule mwanamke mpanda farasi, amefika ngazi ya sita, na mchezo unauliza nimfundishe nini: Uponyaji au Uongozi. Swali nimeliacha hapo kwenye kioo tangu jana. Nichague kipi?

Mama yako

6 Februari

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima, kikohozi kimekwisha. Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu kwa sauti, wenzangu ofisini wakaacha kazi kusikiliza. Mama yangu anaongoza jeshi!

Chukua Uongozi. Uponyaji unavutia kwa sababu unawaona askari wakiinuka, lakini shujaa ana nafasi sita tu za ujuzi, na akishajifunza kitu hakuna kufuta. Wengi huzijaza kwa vitu vitamu vya mwanzoni, wakifika ramani ya saba wanashika kichwa. Uongozi huwapa askari moyo. Kuna wakati wanapigana mara mbili katika zamu moja.

Ila Mteremko, mama! Hapo tunawaweka watoto. Ukizoea, hamia Tambarare. Mlima na Jabali utuachie sisi wenye vichwa vigumu.

Msalimie mzee, kama bado anapokea salamu zangu. Mwaka wa tisa huu tangu niondoke nyumbani, na bado namsikia pale mlangoni: "Mtu mzima haishi kwa kucheza."

Kitindamimba wako

30 Machi

Mwanangu,

Habari za siku nyingi? Unalala vya kutosha? Salamu zako nilizifikisha. Alikaa kimya, ila si kile kimya cha zamani.

Uongozi umetusaidia sana. Tumefika ramani ya tano! Ninachokipenda ni kwamba mchezo wenu una subira. Mtu akichukua nusu saa kumsogeza farasi mmoja, adui anakaa palepale mpaka zamu iishe. Huku kwingine kila mtu ana haraka. Hata daktari humalizia watu sentensi zao.

Lakini nina lalamiko. Ngome ya ramani ya nne, mnara umekaa juu ya lango bila nguzo. Mwashi gani alijenga vile? Ungeanguka kabla rangi haijakauka.

Mama yako

12 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nimecheka! Miaka yote ya kuishi na mwashi, sasa na wewe umekuwa mwashi. Ule ni mchoro tu, mama, hauangukii mtu.

Nina habari njema. Nimepandishwa cheo, kampeni yote sasa iko chini yangu. La kwanza nililofanya ni kuuondoa Mteremko. Wachezaji wetu wakubwa walikuwa wanalalamika kwamba unaushusha mchezo hadhi, na mimi nakubaliana nao. Ramani zikishindika kwa kila mtu, kuna raha gani? Asiyeweza Tambarare atafute kitu kingine cha kupitishia muda. Wewe usijali, nitakuelekeza.

Kitindamimba wako

2 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Najua umenisubiri, na simu zako nimekuwa nikizikata mapema. Kosa ni langu. Nilikudanganya.

Si mimi niliyekuwa nacheza. Ni baba yako. Mkono wa kushoto ndio aliobaki nao, na daktari alisisitiza autumie. Siku moja akaniuliza, "Huyo mtoto anatengeneza nini hasa?" Nikamfungulia. Tangu hapo, kila asubuhi nikishamwogesha, ananyoosha kidole kuelekea chumbani kwako. Alinikataza kukuambia. "Nikimaliza kampeni yote nitamwandikia mwenyewe," alisema. Yale maneno ya mlangoni yalimkaa kooni miaka yote. Alitaka akija kuomba radhi asije mikono mitupu.

Barua yako ya Aprili nilimsomea kama kawaida, na ule mstari ulinitoka mdomoni kabla sijauzuia. Mteremko ulipoondoka akajaribu Tambarare. Ramani ya sita ilimshinda mara kumi na nne, nilihesabu. Kisha akasukuma kipanya pembeni, akasema neno mojamoja: "Amesema kweli. Nitafute kitu kingine."

Sasa anashinda ameangalia dirisha.

Mama yako

5 Juni

Baba,

Shikamoo. Mama akusomee hii polepole.

Yale niliyaandika nikiwa nimevimba kichwa kwa cheo. Niliwafikiria wanaonipigia makofi. Sikumfikiria mtu anayesogeza farasi kwa mkono mmoja, tena wa kushoto. Leo nimesimama mbele ya mkubwa wangu nikamwambia Mteremko urudi. Akaniuliza, "Nani anauhitaji?" Nikasema, "Baba yangu." Nimefanya kazi hapa miaka sita na sikuwahi kukutaja. Utarudi mwisho wa mwezi huu.

Kuhusu mnara, umenishika. Nguzo ziwe ngapi, na zikae wapi? Nimeomba likizo, wamenipa Agosti, toleo jipya likishatoka. Nitakaa kando yako na sitagusa kitu mpaka uniambie.

Ulitaka umalize kwanza ndipo uniandikie. Usimalize, baba. Niandikie hata mstari mmoja.

Mwanao

9 Julai

Mwanangu,

Pole tena. Umekula? Kwenye simu tulilia tu, na wakati wa maziko nyumba ilijaa watu. Haya sikupata nafasi ya kuyasema.

Barua yako ilipofika nilijiambia nitamsomea Jumapili, akiwa ametulia, maana siku hizo alikuwa hataki hata jina la mchezo litajwe. Jumamosi akaanguka. Nilipokuambia usije mbio, kwamba atanyanyuka, nilikuwa narudia maneno ya daktari. Niliyaamini kwa sababu niliyataka.

Hospitalini muuguzi aliniona na karatasi mkononi, akaniambia, "Msomee tu, mama." Nikasoma yote. Nikarudia. Mkono wake wa kushoto nilikuwa nimeushika wakati wote, na ningependa kukuandikia kwamba alinibana kidole. Hakunibana. Nimeshakudanganya mara moja, sirudii.

Likizo ya Agosti usihangaike kuiwahisha. Usigombane na wakubwa wako. Njoo utakapopata nafasi, mwanangu. Hakuna haraka tena.

Mama yako