Mkojo Mweusi Baada ya Mbio

Jumapili usiku

Bado ni mweusi. Nimetoka chooni tena, na mkojo unafanana na chai isiyo na maziwa.

Asubuhi, katika mbio tulizokimbia na wenzangu wa kazini, kwenye mlima wa Naguru, mapaja yalikaza nikaanza kutembea. Ssalongo, mkuu wangu ofisini, akanipita akicheka. "Wewe Mkenya, unatembea? Watu yenu si wanazaliwa wanakimbia?" Niliona haya, nikakimbia hadi mwisho. Ofisini hawajui kwamba kabla ya mwezi huu nilikuwa nikikimbia tu nikichelewa kazini.

Nimempigia dada Rose, jirani ambaye ni nesi. Amesema misuli ikichoshwa kupita kiasi huvunjika, na uchafu wake huziba figo. "Nenda hospitali usiku huu. Usingoje kesho."

Figo. Nina miaka ishirini na minne.

Siwezi kushuka ngazi, na mwenye gari ninayemjua katika mtaa huu wa Ntinda ni mmoja tu. Nilimpigia Ssalongo nikiwa tayari kutaniwa. Nilipomweleza alisema, "Kaa hapo, mwanangu. Nakuja."

Hakucheka. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.