Nilirekodi Mkoromo wa Mume Wangu

Mama Thérèse, salamu kwako. Naomba unisaidie kabla sijaharibu na hiki kidogo kilichobaki. Majina nimeyabadilisha, mengine yote ni kweli.

Mimi ni msusi, nina kiti changu saluni hapa mtaa wa La Rochelle, na mume wangu, nimwite Ruphin, ni fundi cherehani mjini, mtu mnene tangu nimjue, ila tangu tufike Johannesburg amezidi kwa kukaa kutwa nzima na kula mkate na chipsi, na akilala anakoroma mpaka jirani anagonga ukuta, halafu ghafla ananyamaza, kimya kabisa, kisha anashtuka kama mtu aliyeopolewa majini, na mchana anasinzia akishona, mpaka siku moja sindano ikapita kwenye kidole chake. Chumbani tulikuwa tunakaa na mdogo wake, Placide, kati yetu pazia tu.

Mama, mwezi wa tano nilichoka, nikachukua simu nikamrekodi, kesho yake nikawasikilizisha wenzangu saluni, tukacheka mpaka machozi, Yolande, ambaye tunasali naye kanisa moja, akaniomba nimtumie, nikamtumia, sikufikiri, na Jumapili iliyofuata Ruphin aliposimama na kwaya, wanaume wa viti vya nyuma wakaufungulia ule mkoromo kwenye simu, watu wakacheka, hata mzee wa kanisa alicheka, na mume wangu akabaki amesimama na kitabu cha nyimbo mkononi, hakukaa, hakutoka, mpaka wimbo ukaisha.

Nyumbani akamwambia Placide, "Nani mwingine analala ndani ya chumba hiki?" Placide akaapa kwa jina la mama yao, na mimi nilikuwa pale pale nakunja nguo, nikanyamaza. Akamfukuza. Sasa shemeji yangu analala kwa watu Jeppestown, na mimi bado nimenyamaza, miezi minne sasa.

Daktari wa hospitali ya serikali alimweleza kwamba pumzi yake inakatika usingizini, koo linajifunga, na unene unachangia, wakamwazima mashine ya kuvaa puani, lakini ameiacha kwenye katoni, anasema hataki kuwapa watu kichekesho cha pili. Kwaya ameacha. Analala ameketi kwenye kiti ili asikorome. Juzi nikimwekea chai akasema, "Jocelyne, siku pumzi ikikatika isirudi, usiniamshe. Mtalala vizuri." Hakuwa anatania. Mama, nimwambie ukweli nimpoteze, au ninyamaze nimtunze tu, maana naogopa nikisema sasa ndiyo nitammaliza?

Jocelyne, La Rochelle

*

Jocelyne, maneno aliyokuambia mumeo ukimwekea chai hayakuniruhusu kungoja gazeti lichapwe. Namba yako ilikuwa chini ya barua, nikakupigia. Tuliyozungumza nawaeleza wasomaji kwa ruhusa yako.

Nilikuambia kwamba uchovu wako naujua. Mtu asiyelala wiki nzima hufanya ujinga, na kucheka saluni kulikuwa ujinga. Kunyamaza Placide alipokuwa anaapa ni jambo jingine, na hilo ulilifanya ukiwa na macho makavu. Eish, Jocelyne! Ulimwacha mgonjwa amfukuze mtu pekee aliyelala karibu naye bila kumcheka.

Ukaniambia ukweli utammaliza. Kinachommaliza ni kukosa pumzi, na kuamini kwamba ndugu wa tumbo moja amemuuza. Mtu ambaye usingizi wake unakatika hivyo huamka na moyo mzito, kila kitu anakiona cheusi. Si uvivu, si pepo, na mwili wake si kichekesho cha kanisa.

Baada ya simu ile, Jumamosi mchana, ukamwita Placide nyumbani, ukatubu kwa mumeo naye akisikia. Ruphin alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "Na wewe ulicheka?" Ukasema ndiyo. Akabeba katoni ya mashine, akaondoka na mdogo wake. Mpaka leo hajarudi, ingawa Placide anasema mashine sasa anaivaa.

Sasa unaniuliza kama umfuate. Hapana. Usiende kulia kwenye mlango wa watu. Mpigie Placide leo, si kesho, umweleze yale maneno ya kufa neno kwa neno, ampeleke Ruphin kwa daktari wayaseme pale, maana daktari anayepima pumzi hawezi kujua la moyoni kama hakuambiwa. Wasimwache peke yake siku hizi. Jumapili simama kanisani mwenyewe, useme aliyerekodi ni wewe. Yolande afute ile sauti mbele ya macho yako, na wenzako wa saluni pia.

Baada ya hapo kaa usubiri. Huenda akarudi, huenda asirudi. Siwezi kukuahidi, na wewe huna haki ya kumdai. Lakini wateja wakikuuliza mume wako yuko wapi, usiwaambie amesafiri. Waambie amekuacha, na waambie kwa nini.